Barua ya wazi kwa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria: Pimeni kaboni ya Mto Mara kabla maji hayajawa meusi tena

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria,
Mwanza.

Yah: Kupima na kutangaza jumla ya kaboni ogania katika Mto Mara

Ndugu Mwenyekiti na wajumbe,

Ningeweza kuileta barua hii ofisini kwenu, igongwe muhuri na kuwekwa kwenye jalada. Nimeamua kuiandika hadharani kwa sababu jambo ninalolileta liliwahusu watu wengi, liliwagawa, na hadi leo kila mmoja amebaki na jibu lake.

Machi 2022 maji ya Mto Mara, eneo la daraja la Kirumi, yaligeuka meusi na kunuka, na samaki wakaelea wamekufa. Watu wa pande zote mbili, Butiama na Rorya, ambao mto huo ndio bomba lao, kisima chao na shamba lao la samaki, waliambiwa wasiyatumie maji hayo. Serikali iliunda kamati ya uchunguzi chini ya Profesa Samuel Manyele, na kamati ikarudi na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, wala si sumu ya mgodini. Jibu hilo halikupokelewa. Wengi waliuliza, ng'ombe wamekunywa mto huu tangu enzi za mababu, iweje waue samaki mwaka huu?

Swali lao halikuwa la kijinga, na wala halikutoka hewani. Mwaka 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodi wa North Mara yaliingia mto Tigithe, ambao unamwaga maji yake Mara. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyeishi na kumbukumbu ya Tigithe hawezi kuambiwa "ni kinyesi" akaridhika kwa sababu tu aliyesema ni profesa.

Sina nia ya kuifungua upya kesi ya 2022. Nataka kusema nini kilikosekana wiki ile. Kamati iliitwa kumpima mgonjwa aliyekwisha kuzidiwa, na hapakuwa na daftari ambalo mwananchi angeweza kulifungua akaona joto la mwili wake lilikuwaje jana, juzi na mwaka uliopita. Kipimo cha siku ya msiba, peke yake, hakina cha kulinganishwa nacho. Mnaweza kukuta namba kubwa sana, na bado msijue kama ni kubwa kuliko kawaida ya mto huo katika mwezi huo.

Namba ninayoiombea ni jumla ya kaboni ogania, ile ambayo watu wa maabara huiita TOC. Ni kaboni yote iliyomo ndani ya maji ikitokana na viumbe au kutengenezwa kwa mfano wake: kinyesi, mkojo, majani yaliyooza, damu ya machinjioni, majitaka ya vyooni, sabuni, mafuta, molasi, mwani. Vyote hivyo, pamoja na tofauti zake, vimejengwa kwa kaboni, na ukivichoma hutoa gesi ileile ya kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo badala ya kuvitafuta kimoja kimoja, unaichoma sampuli yote na kuihesabu gesi inayotoka.

Niruhusuni nieleze kazi yenyewe, maana wajumbe wengine wa Bodi ni watu wa utawala, kilimo na sheria, na hawana sababu ya kuwa wameiona. Sampuli huchukuliwa katika chupa ya kioo cha rangi ya kahawia, iliyooshwa vizuri na kujazwa hadi juu bila kubakiza hewa. Hutiwa tindikali kidogo mpaka pH ishuke chini ya 2. Tindikali hiyo hufanya kazi mbili. Kwanza huwazuia vijidudu wasiendelee kuila kaboni njiani. Pili hugeuza kaboni isiyo ya viumbe, yaani ile ya magadi na chokaa iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba, kuwa gesi, ambayo hufukuzwa kwa kupitisha hewa safi ndani ya maji. Kinachobaki ndicho kinachotafutwa. Mashine hufyonza matone machache na kuyadondosha ndani ya bomba lenye kichocheo cha platini, katika tanuri la nyuzi 680 za Selsiasi. Maji huwa mvuke papo hapo na kaboni yote huungua. Gesi hupita mbele ya mwanga wa infraredi, na kiasi cha mwanga kinachomezwa ndicho kinachosema kaboni ilikuwa kiasi gani. Kwenye kioo cha mashine unaona mstari ukipanda kama kilima na kushuka. Eneo lililo chini ya kilima hicho ndilo jibu, na limechukua dakika chache.

Sasa niiweke namba hiyo mahali pake mtoni. Gramu 12 za kaboni zikiungua au zikiliwa na bakteria hadi mwisho zinahitaji gramu 32 za oksijeni. Yaani miligramu 1 ya kaboni hula karibu miligramu 2.7 za oksijeni. Maji ya joto letu, katika mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, yanapokuwa safi kabisa na yameshiba hewa hubeba kama miligramu 7 za oksijeni kwa lita, si zaidi sana. Fanyeni hesabu wenyewe: miligramu 3 tu za kaboni laini, ile inayoliwa upesi, zikiingia katika kila lita ya maji yaliyotuama, zinatosha kuimaliza oksijeni yote iliyomo. Sangara hawezi kuyavumilia maji ya namna hiyo. Kamongo ataokoka kwa sababu hupanda juu kuvuta hewa kwa mapafu. Samaki anaweza kufa kwa kukosa pumzi bila tone la sumu ndani ya maji.

Ndiyo maana nasema jibu la kamati linawezekana kisayansi, na waliolicheka walikosea kulicheka. Mto Mara wenyewe ndio uliotoa ushahidi bora kuliko mto mwingine wowote ninaoujua. Upande wa Kenya, ndani ya hifadhi ya Masai Mara, watafiti Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao walikaa miaka mingi wakipima. Katika eneo hilo kuna viboko zaidi ya 4,000. Usiku hutoka kula nyasi nchi kavu, mchana hurudi kulala majini na kunyea humohumo. Kwa hesabu ya watafiti hao, kila siku viboko huingiza mtoni tani 36 za kinyesi kibichi, na ndani yake mna takriban tani 3.5 za kaboni. Kiangazi, maji yanapopungua, kinyesi hicho hutuama chini ya madimbwi na kuoza bila oksijeni. Mvua kubwa ikinyesha juu, mafuriko huyafagia madimbwi yote kwa mkupuo, na uozo wote huteremka kwa saa chache. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2018 walihesabu mafuriko 49 kwa miaka mitatu yaliyoshusha oksijeni ya mto, 13 kati yake yakiishusha kupita kiasi, na vifo vya samaki kwa wingi mara tisa katika miaka mitano. Watafiti haohao walionyesha pia kwamba nyumbu wanaozama wakati wa kuvuka, wastani wa 6,250 kwa mwaka, huuachia mto tani 1,100 za mizoga.

Kwa hiyo mto huu una mzigo wake wa asili, mkubwa kuliko mito mingi duniani, kabla hata ng'ombe wa kwanza hajashuka kunywa. Ukiongeza mifugo iliyosongamana kando ya ardhioevu ya Mara baada ya mvua kuchelewa, ukaongeza mafunjo na magugumaji yaliyokufa, maji meusi si muujiza. Lakini kuwezekana ni jambo moja na kuthibitika ni jingine. Kaboni ile ilitoka wapi? Ilishuka na mto kutoka juu, au ilizaliwa ndani ya ardhioevu? Iliongezeka ghafla usiku mmoja, au ilikuwa inapanda kwa majuma mawili huku hakuna anayeangalia? Maswali haya yangejibiwa na namba za kabla. Hayajibiwi na sampuli za baada.

Najua nitaambiwa kwamba tayari tunavyo vipimo vya uchafu wa aina hii. Ni kweli. Kanuni zetu za ubora wa maji zinazotokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zimeweka BOD na COD, yaani oksijeni inayohitajika bakteria wakiula uchafu huo au kemikali ikiuchoma, na wenye viwanda wanavijua vizuri viwango vyake: miligramu 30 na 60 kwa lita. Siombi vifutwe. Nataka tu tuwe wakweli kuhusu vinavyowezekana na visivyowezekana katika mazingira yetu.

BOD ilizaliwa Uingereza, katika Tume ya Kifalme ya Majitaka iliyofanya kazi kuanzia 1898 hadi 1915. Unajaza maji katika chupa ya mililita 300, unapima oksijeni, unaifungia chupa kwenye kabati la giza lenye nyuzi 20, unasubiri siku tano, unapima tena. Tofauti ni oksijeni iliyoliwa. Kipimo kizuri, kinachosema kweli jambo ambalo samaki analijali. Lakini siku tano ni muda wa maji ya Kirumi kufika ziwani na wavuvi kuzika hasara yao. Na kabati la nyuzi 20 katika mji wenye joto kama Musoma linategemea umeme usikatike usiku na mchana kwa siku hizo tano. Ukikatika saa sita usiku wa siku ya tatu, kabati hupanda joto, bakteria hula haraka zaidi, na asubuhi fundi wa maabara anabaki na chupa ambazo namba yake hawezi kuitetea mbele ya mtu yeyote.

Jambo la pili ni safari. Sampuli ya BOD haingoji. Inatakiwa iingie kabatini ndani ya saa 48 hata ikiwa kwenye barafu, na kadiri inavyochelewa ndivyo inavyoharibika. Chukueni sampuli Mara Mines, juu ya ardhioevu, Ijumaa jioni, gari likwame kwenye tope la masika, maabara ifungue Jumatatu: kazi imepotea. Sampuli ya TOC iliyotiwa tindikali na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hukaa hadi siku 28. Inaweza kusubiri gari, ikasubiri Jumatatu, ikasubiri hata mashine itengenezwe. Kwangu mimi hii peke yake ni sababu tosha. Kutoka Kirumi hadi maabara ya maji ya Mwanza ni mwendo wa kilomita karibu 200, na mchukua sampuli mwenye kasha la barafu na chupa za kahawia anaweza kuimaliza kazi hiyo bila kukimbizana na saa.

Kuhusu COD, ambayo huchemsha sampuli kwa saa mbili ndani ya tindikali kali na dikromati, nitasema jambo moja tu. Kila chupa ndogo ya kipimo hicho huacha zebaki, kromiamu na fedha. Tunalinda mto kwa kuzalisha taka ambazo zenyewe hazitakiwi kukaribia mto, na maabara chache za mikoani zina mahali salama pa kuzipeleka.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana sitaki mtu aje kuwaambia baadaye kwamba niliwauzia dawa ya kila ugonjwa. TOC haisemi kaboni imetoka kwa nani. Ng'ombe, kiboko, choo na jani la mafunjo, vyote kwake ni kaboni. Haioni zebaki, haioni risasi wala arseniki. Maji yenye TOC ndogo sana yanaweza kuwa na metali za kuua. Kwa hiyo mgodi hauwezi kusafishwa na namba hii, na wala hauwezi kuhukumiwa nayo. Yeyote atakayewaletea jedwali la TOC akasema "mnaona, hakuna sumu" atakuwa anawapotosha, na naomba mmkatalie. Metali zipimwe kwa vipimo vyake, hasa pale Tigithe inapoingia, na zitangazwe kwenye ukurasa uleule.

Tena kuna ugumu ambao ni wa mto wetu hasa. Ardhioevu ya Mara imejaa mafunjo, na maji yanayopita katikati ya mafunjo hutoka na rangi ya chai. Rangi ile ni kaboni pia, lakini ni kaboni ngumu, mabaki ya mimea yaliyokwisha kuliwa na kubakia yasiyolika kwa urahisi. Inaweza kuipandisha TOC bila kumnyima samaki pumzi. Kaboni ya kinyesi kibichi ni laini, huliwa kwa siku chache, nayo ndiyo hatari. Ndiyo maana siwaombi mpime namba moja na kulala. Sampuli ichujwe kwenye chujio la maikromita 0.45 ili tujue kiasi gani kimeyeyuka na kiasi gani kinaelea kama vipande. Mara chache kwa mwezi, umeme ukiruhusu, BOD ipimwe pamoja nayo, ili tupate uwiano kati ya kaboni inayolika na kaboni yote. Uwiano huo ukijulikana kwa majira ya masika na ya kiangazi, TOC ya dakika chache itaanza kuzungumza kwa niaba ya BOD ya siku tano. Huo ndio ujuzi ambao hauwezi kununuliwa pamoja na mashine. Unajengwa na watu wanaorudi mahali palepale mtoni mwezi baada ya mwezi.

Na mahali penyewe papo. Mara Mines kuna kituo cha kupimia mtiririko wa mto, juu ya ardhioevu. Kirumi kuna daraja, chini yake, na barabara ya lami inafika. Kati ya sehemu hizo mbili ndipo ugomvi wote wa 2022 ulipokuwa. Kaboni ikiwa kubwa Mara Mines na Kirumi pia, mzigo umeshuka kutoka juu, na huenda umevuka mpaka kutoka Kenya. Ikiwa ndogo Mara Mines na kubwa Kirumi, umezaliwa katikati, ndani ya mafunjo, kwenye malisho au kwenye makazi. Ukizidisha kaboni kwa kiasi cha maji yanayopita, unapata tani kwa siku, na tani kwa siku ndizo zinazowezesha kuuliza ng'ombe wangapi, kijiji gani, kiwanda gani. Bila mtiririko, namba ya kaboni ni nusu ya habari.

Kati ya safari za sampuli, kihisi kidogo cha mwanga wa urujuanimno kinaweza kuning'inizwa majini. Kaboni nyingi iliyoyeyuka humeza mwanga wa nanomita 254, na kihisi hicho kikisomwa kila robo saa kinaweza kuliona wimbi la uchafu likija kabla halijafika kijijini. Kioo chake huota ukungu wa mwani na hufunikwa na tope, na tope la Mara wakati wa mafuriko si la mchezo. Lazima kisafishwe kila wiki na kisahihishwe kwa sampuli za maabara za mto huuhuu. Mtu wa kukisafisha yupo tayari: kijana wa Kirumi au mvuvi wa hapo, akifundishwa na kulipwa ipasavyo, atakitunza kuliko mgeni anayekuja na gari mara moja kwa robo mwaka. Jumuiya za watumiaji maji zimewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, sheria ileile iliyowapa ninyi mamlaka. Zipeni kazi hii.

Mto hauishii Kirumi. Unaingia Ghuba ya Mara, na Musoma inakunywa ziwa. Hapa kaboni inaleta jambo jingine ambalo watu hawalisikii mara nyingi. Mwaka 1974 mkemia wa mamlaka ya maji ya Rotterdam, Johannes Rook, alionyesha kwamba klorini tunayoitia kuua vijidudu hukutana na kaboni iliyomo majini na kutengeneza klorofomu na ndugu zake. Kemikali hizo kwa kiasi kikubwa na kwa miaka mingi zinatiliwa shaka kuhusu saratani. Baada ya hapo nchi nyingine zilibadili kanuni. Marekani, tangu kanuni ya 1998, mitambo ya kutuliza tope na kuchuja inayotumia maji ya mito na maziwa hutakiwa kuondoa sehemu maalumu ya kaboni ikiwa maji ya chanzo yana zaidi ya miligramu 2 kwa lita. Ulaya, katika agizo la mwaka huohuo, hawakuweka namba. Walisema pasiwe na badiliko lisilo la kawaida, na wanaosambaza zaidi ya mita za ujazo 10,000 kwa siku wapime. Lisilo la kawaida! Huwezi kulijua lisilo la kawaida mpaka uwe umeiandika kawaida.

Ninalotaka kuliweka wazi ni kwamba klorini isiguswe. Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba usalama dhidi ya vijidudu usitolewe sadaka kwa kuogopa mabaki ya klorini, na sisi tuliozika watu kwa kipindupindu kandokando ya ziwa hatuhitaji kukumbushwa. Dawa ni kuipunguza kaboni kabla ya klorini: kipimo sahihi cha shabu ya kutuliza tope, uchujaji mzuri, na mahali pazuri pa kuvutia maji. Mwendesha mtambo akiona kaboni imepanda asubuhi, anajua klorini itamezwa kabla haijafika kwa mteja wa mwisho wa bomba, na anabadilisha dozi mapema. Leo mara nyingi anaona rangi tu, na kaboni nyingi haina rangi.

Kuhusu gharama sitazunguka. Mashine ya TOC si rahisi, na bei ya kuinunua ndiyo ndogo kati ya gharama zake. Inahitaji gesi safi ya kubebea, kichocheo cha kubadilisha, sindano zinazoziba kwa vipande vya majani, na fundi aliyesoma. Tumeziona katika nchi yetu mashine nzuri za maabara zimefunikwa kitambaa kwa sababu kipuri kimoja hakikuwekwa kwenye bajeti. Ikiwa mfadhili atawapa mashine bila vipuri na gesi ya miaka mitano, ni afadhali muanze na vihisi viwili na chupa za kahawia, sampuli mzipeleke kwenye maabara yenye mashine inayofanya kazi, na mjenge daftari kwanza. Daftari la miaka mitatu lililoandikwa kwa vifaa vya kawaida lina thamani kuliko mashine mpya isiyo na historia.

Na mgeukie Kenya. Bonde la Mara karibu theluthi mbili liko upande wao, na mto huo wa kilomita 395 unaanzia msitu wa Mau. Wenzenu wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu mnakutana nao, na kila Septemba 15 nchi mbili huadhimisha Siku ya Mara. Hotuba na miche ya miti vinapotolewa siku hiyo, natamani pawepo na karatasi moja: kaboni iliyopita mpakani mwaka huu, mwezi kwa mwezi, iliyopimwa kwa njia ileile pande zote mbili. Nchi zisipokubaliana njia ya kupima, kila moja itakuwa na namba yake, na mto ukiwa mweusi tena kila moja itaielekezea nyingine kidole.

La mwisho ndilo ninalolitaka kuliko yote, na halihitaji fedha nyingi. Namba zitangazwe. Zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji Kirumi, zisomwe redioni Musoma, ziwekwe mahali ambapo mwalimu wa sekondari anaweza kuzichukua na kuzichora ubaoni na wanafunzi wake. Zitangazwe zikiwa nzuri na zikiwa mbaya, kila juma, wakati hakuna msiba. Mwananchi aliyeziona namba za mto wake zikipanda masika na kushuka kiangazi kwa miaka miwili ataielewa ripoti ya kamati, na ataweza kuikosoa kwa hoja pale inapokosea. Mwaka 2022 tuliwataka watu waamini wataalamu ambao hawakuwahi kuwaona kabla ya siku ile. Tuliwataka wachague kati ya neno la profesa na kumbukumbu ya Tigithe, na walichagua kumbukumbu.

Ninaomba, kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, katika bajeti ijayo ya Bodi yenu uwekwe mstari wa kupima jumla ya kaboni ogania Mara Mines na Kirumi, pamoja na mtiririko na oksijeni, sampuli za kila juma na vihisi vya kudumu, na metali pale Tigithe inapoingia. Uwekwe mstari wa vipuri. Na litolewe agizo la maandishi kwamba matokeo yawafikie wakazi ndani ya siku saba tangu yatoke maabara. Mvua za masika huanza Machi. Kazi ikianza baada yake, kawaida ya masika itabidi ingojwe mwaka mwingine mzima.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Musoma, kando ya Ghuba ya Mara

Nakala:
Wizara ya Maji, Dodoma
Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira
Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu